Impreza GC8: mshale wa temperecha unapanda usiku tu, mchana kimya. Nimeshabadilisha karibu kila kitu

Chuma_cha_Bluu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Subaru Impreza WRX, lile umbo la zamani, GC8 ya 1998, injini EJ20 yenye turbo, gia za mkono. Nilinunua mwaka jana kwa mtu likiwa limetoka kupigwa rangi, linang'aa mpaka unaona aibu kuliegesha juani. Gari ni tamu, sina neno. Tatizo ni mshale wa temperecha.

Mchana unakaa chini ya katikati, na kwa macho yangu uko chini kuliko kawaida. Nikae foleni ya Kimara saa nzima, jua la Februari, wala hausogei. Nikiwasha AC unajivuta kidogo tu. Likiingia giza ndipo balaa linapoanza. Nikitoka kazini saa moja jioni mshale umeshavuka katikati, nikifika Mbezi uko robo tatu. Juzi ilinyesha mvua usiku, ukagusa mstari mwekundu. Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti moyo ukienda mbio. Hakuna mvuke, hakuna maji yaliyomwagika, na injini ilinguruma vizuri tu.

Mpaka sasa nimebadilisha themostati mara mbili (ya pili orijino, imeandikwa 78), rejeta mpya, mfuniko wake, pampu ya maji pamoja na mkanda wa taimingi, na sensa ya geji nimenunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Mshale uko vilevile. Gari halipunguzi maji hata tone. Mwezi wa kumi na mbili nilipanda mlima Kitonga saa saba mchana, watu wanne ndani na mizigo, mshale haukushtuka.

Fundi sasa anasema ni gasketi ya silinda hedi, kanipigia hesabu ya milioni moja na laki nane. Kabla sijatoa hela nimeona nije kwenu. Nawasilisha.

Ngoja Waje

Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee kwenye benchi na karanga zangu.

Dk. Gasketi

Mkuu, fundi wako yuko sahihi. Hizi bokseri silinda zimelala, gasketi ikianza kuvujisha inaanza kidogo kidogo. Gesi ya mwako inapenya kwenye njia ya maji, inatengeneza mapovu, mapovu yanakaa pale kwenye sensa, mshale unapanda. Leo unapanda, kesho unashuka. Usisubiri mpaka hedi ipinde, utalia. Fungua injini.

Kaka wa Ngong

Sasa boss. Mimi niko Nairobi, yangu ni GC8 pia, na huku Impreza ni kama dini. Sisi tulimwona McRae akishinda mbio za magari za Safari Rally za 1997 na Impreza, na Burns zile za 2000, kwa hivyo usiniambie kuhusu hiyo gari nikalala.

Usikubali kufunguliwa injini bado. Kwanza hakikisha hakuna hewa kwenye maji. Zenye turbo hazijazwi kwa rejeta peke yake: kuna lile tangi dogo la chuma kando ya intakula (kile kipoza hewa ya turbo), ndilo liko juu kuliko yote, na hapo ndipo unamimina. Mimina polepole, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, pua ya gari imeinuliwa kidogo. Finya ule mpira mkubwa wa maji kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Mafundi wengi wanajaza rejeta, wanaona imefika mdomoni, wanafunga. Nusu lita ya hewa imebaki ndani.

Na usiendeshe na maji matupu ya bomba. Huku kwetu tuko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, maji yakiwa wazi yanachemka kama nyuzi 94. Kinachotuokoa ni mfuniko mzuri unaoshika presha, na kulanti yenyewe, yaani ile dawa ya maji ya rejeta. Nyinyi wa pwani mna bahati ya nyuzi 100, lakini msijivunie sana.

Chuma_cha_Bluu

Asanteni wakuu.

Dk., nimefanya kile kipimo cha gesi, chupa yenye maji ya bluu unayoikalisha kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa imewaka. Gesi ya mwako ikiwepo yanageuka njano. Tumekaa dakika kumi na tano, bluu ikabaki bluu.

Kaka wa Ngong, nimetoa hewa kama ulivyosema. Kweli ilitoka kidogo, nikafurahi. Jana usiku mshale ukaenda robo tatu kama kawaida yake.

Dk. Gasketi

Kipimo hicho kinaweza kukosea kama ufa ni mdogo. Nimeshaona.

Bi Spana

Nimesoma kutoka juu hadi hapa, na naona mnabishana kuhusu maji wakati mleta uzi ameshawapa jibu kwenye kichwa cha habari.

Kaka yangu, usiku kuna baridi kuliko mchana. Gari linalochemka kweli lingechemka mchana, tena pale Kitonga, si usiku Mbezi. Sasa jiulize, usiku gari lako linafanya nini ambacho mchana halifanyi? Linawasha taa. Na siku ya mvua umewasha taa, na waipa, na bila shaka ile hita ya kioo cha nyuma, na AC ya kuondoa ukungu. Hiyo ndiyo siku mshale ulipogusa mwekundu.

Nenda kasimame uwanjani mchana huu, injini ikiwa moto, iache inaunguruma. Washa taa kubwa. Tazama mshale. Zima. Tazama tena. Uje utuambie.

Mombasa tunaona haya sana kwa sababu ya chumvi. Sisemi zaidi mpaka ujibu.

Mswahili wa Ruwi

Bi Spana kasema kweli. Naongeza moja. Kabla ya lolote jua joto halisi. Nunua kile kipimajoto cha mionzi chenye umbo la bastola. Lakini angalia, usikielekeze kwenye alumini inayong'aa, itakudanganya, itasoma chini sana. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye bomba la maji karibu na sensa, iache ishike moto, kisha elekeza hapo hapo kwenye tepu. Mimi huku Maskati mwezi wa sita hewa yenyewe inapita nyuzi 40, bila kipimo ningeshakuwa nimebadilisha injini nzima kwa woga.

Chuma_cha_Bluu

Wakuu, nimeishiwa maneno.

Nimenunua hiyo bastola, nimebandika tepu. Injini moto, taa zimezimwa: tepu inasoma 88, mshale chini ya katikati. Nikawasha taa kubwa. Mshale ukaanza kupanda taratibu kama mtu anayeamka usingizini, ndani ya sekunde kumi hivi ukavuka katikati. Tepu: 88. Nikaongeza AC na waipa na hita ya kioo cha nyuma. Mshale robo tatu. Tepu: 89. Nikazima vyote kwa mpigo, mshale ukarudi ulipokuwa. Maji hayawezi kupoa kwa sekunde kumi!

Milioni moja na laki nane, wakuu. Nilikuwa nimeshakopa laki tano.

Ngoja Waje

Bi Spana kaingia na spana moja tu, kafungua injini yote. Karanga zinaendelea.

Fundi Waya

Salaam. Mimi ni fundi umeme wa magari, Arusha. Twende pole pole, maana hapa ndipo watu huanza kununua geji mpya, sensa mpya, dashi nzima mpya.

Kwenye GC8 kuna sensa mbili za maji, jirani kabisa, kwenye bomba la maji chini ya manifoldi ya hewa. Yenye waya mbili ni ya kompyuta ya injini. Hiyo ndiyo inayoamua mafuta yamwagwe kiasi gani na feni ziwake lini. Yenye waya mmoja ni ya mshale peke yake. Hazijuani. Kwa hiyo feni zako zimekuwa zikiwaka na kuzima kwa wakati wake siku zote hata mshale ukiwa mwekundu, sivyo? Hiyo peke yake ilitosha kukutia shaka. Ukitaka uhakika, unganisha zile soketi nyeusi mbili chini ya dashi na uhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Namba 21 ndiyo ya sensa ya kompyuta. Naamini hutaikuta.

Sasa hii ya waya mmoja. Waya wake wa pili uko wapi? Hana. Waya wa pili ni injini yenyewe: umeme unatoka kwenye geji, unapita ndani ya sensa, unaingia kwenye chuma cha injini kupitia uzi wa sensa (uzi wa skrubu, si uzi huu). Sensa ikipata joto ukinzani wake unapungua, umeme unapita mwingi, mshale unapanda. Ndiyo maana ukichomoa waya mshale unalala, na ukiugusisha waya kwenye chuma mshale unaruka hadi mwekundu.

Lakini geji yako haijafungwa kwenye injini. Imefungwa kwenye dashi, na eathi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ni bodi, chuma cha gari lenyewe. Ndani yake kuna koili mbili zinazovutana. Moja inamalizikia kwenye bodi, nyingine inamalizikia kwenye injini kupitia sensa. Mshale unasimama pale nguvu zao zinapolingana. Maadamu bodi na injini ni kitu kimoja kiumeme, mambo safi. Siku bodi ikiwa na eathi mbovu, taa na feni na AC vyote vinarudisha umeme wake kupitia bodi, unakwama njiani, bodi inapanda volti kidogo juu ya injini. Koili ya bodi inadhoofika, ya sensa inabaki na nguvu zake, mshale unavutwa kwenye joto. Na kadiri unavyowasha vitu vingi ndivyo unavyovutwa zaidi.

Fanya hivi. Nenda kwenye maduka ya spea za redio, nunua rizista (kile kijiti kinachokinza umeme) ya omu 47, zile nyeupe za udongo za wati 5, ndogo zitaungua. Chomoa waya wa sensa. Swichi iwe ON, injini iwake. Unganisha waya huo na upande mmoja wa rizista, upande wa pili gusa kwenye bodi, chuma kitupu. Washa taa. Andika mshale umefanya nini. Kisha hamisha ule upande wa pili uguse injini. Washa taa. Andika. Hapo rizista haijui joto wala baridi, kinachobaki ni eathi peke yake.

Chuma_cha_Bluu

Fundi, nimefanya. Hakuna tofauti. Bodi mshale unapanda, injini unapanda.

Fundi Waya

"Bodi" uligusa wapi?

Chuma_cha_Bluu

Ile bolti inayoshika bano la mpira wa maji, pembeni ya manifoldi.

Fundi Waya

Kaka, hiyo ni injini. Umepima injini mara mbili. Nenda juu ya shokapu, zile nati tatu, safisha moja kwa msasa mpaka uone chuma cheupe. Hapo ndipo bodi.

Bi Spana

😂 Usimcheke jamani, nami nilishawahi kupima fyuzi nzima nusu siku, kumbe betri ya mita imekufa.

Chuma_cha_Bluu

Haya, nimerudia kwa adabu.

Rizista kwenye nati ya shokapu: mshale umesimama robo. Nikawasha taa, AC, waipa, hita ya nyuma. Mshale haukutikisika. Nimeutazama dakika nzima.

Rizista kwenye injini, vitu vyote vimezimwa: mshale robo na kidogo. Nikawasha taa: unapanda. Nikaongeza vingine: katikati. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye usukani ananisomea mshale, alipoona unapanda akasema "sasa hicho kijiti ndicho kinachochemka?"

Fundi Waya

Mwambie shemeji amefaulu. Geji nzima, sensa nzima, waya mzima. Sasa tutafute eathi iliyooza iko wapi. Weka mita kwenye volti za DC. Injini inaunguruma, vitu vyote vimewashwa, kisha pima sehemu tatu: injini na nati ya shokapu, hasi ya betri na injini, hasi ya betri na nati ya shokapu. Nzuri ni chini ya 0.1. Usipime kwa omu. Waya mnene uliobakiwa na nyuzi tatu za shaba bado utasoma omu sifuri, lakini ukiudai ampea arobaini ndio utaonyesha rangi yake.

Chuma_cha_Bluu

Hasi ya betri na injini: 0.03.
Injini na nati ya shokapu: 0.71.
Hasi ya betri na nati ya shokapu: 0.69.

Fundi Waya

Umemaliza. Waya mnene wa betri kwenda injini ni mzima. Mbovu ni ule mwembamba unaotoka hasi ya betri kwenda bodini. Ufuate kwa kidole mpaka mwisho wake. Na ulisema gari limepigwa rangi? Nakuachia ukaone mwenyewe.

Chuma_cha_Bluu

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado na grisi.

Nimetoa betri, nimetoa na kibao chake. Chini kuna bolti ndogo ya spana namba 10 inayoshika kichwa cha ule waya. Kwa juu ukiitazama ni bluu. Bolti bluu, kichwa cha waya bluu, chuma kinachozunguka bluu. Aliyepiga rangi hakuifungua hata kidogo, au aliifungua akapiga rangi chini, akairudisha juu ya rangi mbichi. Nilipokaza spana bolti ilitoa mlio wa kukwaruza, ikatoka. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na duara la rangi laini kabisa, imekaa kama gasketi (samahani Dk.), na katikati yake doa dogo la kutu la ukubwa wa punje ya mchele. Yaani umeme wa taa zote, AC, kila kitu, ulikuwa unapita kwenye punje ya mchele. Na kichwa chenyewe cha waya kimeota unga wa kijani na mweupe.

Nimekata kichwa, nimefunga kipya, nimekibana na kukitia risasi ya kulehemu. Nimesugua bodi kwa msasa mpaka ikang'aa, nimefunga bolti, nimepaka grisi juu. Nimepima tena vitu vyote vikiwa vimewashwa: 0.04.

Usiku huu nimetoka hadi Kibaha na kurudi, taa kubwa, AC. Mshale haukusogea. Hata taa zenyewe zimekuwa kali, nilidhani zimezeeka.

Asanteni sana. Bi Spana, Fundi Waya, Mungu awazidishie.

Kaka wa Ngong

Wacha! Hongera boss. Rangi ya bluu ni ya heshima lakini sio kwa eathi.

Dk. Gasketi

Nakubali kwa shingo upande. Lakini endelea kuiangalia gasketi.

Ngoja Waje

Karanga zimeisha. Uzi ufungwe.

Chuma_cha_Bluu

Msifunge bado.

Ni siku ya tatu. Mshale umetulia kweli, mchana na usiku. Lakini umetulia chini mno. Uko robo, na hauendi zaidi ya hapo. Nimesimama foleni, nimekimbia barabara kuu, robo. Je, ndiyo kawaida ya GC8? Au nimeharibu kitu?

Dk. Gasketi

Themostati imekwama wazi. Maji yanazunguka muda wote hayapati moto. Badilisha.

Kaka wa Ngong

Yangu inakaa chini kidogo tu ya katikati, upana wa mshale wenyewe. Robo sio kawaida. Lakini kabla hujanunua themostati ya tatu, soma ile tepu yako.

Chuma_cha_Bluu

Tepu 88, kama zamani. Hita ndani inaunguza. Feni zinawaka tepu ikifika 95 hivi, kisha zinazima. Themostati niliitoa, nikaichemsha kwenye sufuria na kipimajoto: imeanza kufunguka 78 au 79, na 90 ilikuwa wazi kabisa. Nzima.

Fundi Waya

Hapa lazima nikiri kosa. Ulipofanya kile kipimo cha rizista uliniambia mshale umesimama robo. Kwa omu 47 nilitarajia usogee karibu na katikati. Nililisoma, nikalipita kwa sababu nilikuwa nawinda eathi. Mshale wako unasoma chini hata kwa rizista, kwa hiyo sensa haina kesi. Kesi iko kati ya soketi ya sensa na geji.

Toa dashi ya geji, betri ikiwa imechomolewa. Tafuta mahali waya wa sensa unapoingia nyuma ya geji, pima omu kutoka hapo hadi soketi ya kwenye injini. Safari hii omu inafaa, maana umeme wake ni mdogo. Waya mzima usome chini ya omu 1. Angalia pia zile nati na skrubu zinazoshika geji kwenye karatasi ya saketi, zikilegea zinafanya utundu huohuo.

Chuma_cha_Bluu

Omu 22.4.

Skrubu ziko kaza.

Fundi Waya

Hiyo namba haiji kwa kutu. Kutu husoma leo 8 kesho 60. Tafuta tepu mpya kwenye nyaya za zamani.

Chuma_cha_Bluu

Nimeipata.

Nyuma ya dashi, kama shibiri moja kutoka kwenye soketi ya geji. Nyaya zote zimefungwa ile tepu ya kiwandani ya kitambaa iliyofifia, ila sehemu moja ya urefu wa kidole ina tepu nyeusi ya plastiki inayonata. Nimeifungua. Ndani waya umekatwa, na katikati imeunganishwa rizista ndogo, mistari nyekundu, nyekundu, nyeusi. Omu 22. Imesokotwa kwa mkono tu, haina hata risasi.

Yaani mtu alikaa chini ya usukani akaipunguzia geji ukweli.

Bi Spana

Sasa hadithi imekamilika. Gari lilipigwa rangi, eathi ikafunikwa, mshale ukaanza kupanda. Mwenyewe akaenda kwa mtu, yule mtu hakutafuta sababu, akaushusha mshale kwa omu 22. Mchana ukawa chini, usiku ukawa juu lakini sio sana. Akaliuza. Wewe ukaja ukanunua mashaka mawili kwa bei ya moja.

Na hilo la pili ndilo baya. La eathi lilikuwa linakutisha bure. Hili la rizista lingekuua injini kimya kimya: siku maji yakifika 110 mshale ungekwambia uko sawa.

Mswahili wa Ruwi

Wallahi nimeshaiona hii kwenye magari ya mnada. Geji nzuri kuliko mpya.

Chuma_cha_Bluu

Nimeikata, nimeunganisha waya kwa risasi na kuuvalisha ule mpira unaobana ukipashwa moto. Waya sasa 0.3. Injini moto, mshale upana mmoja chini ya katikati, kama alivyosema Kaka wa Ngong. Leo mvua imenyesha Dar, nimewasha kila kilichomo ndani ya gari pamoja na redio. Haujasogea.

Yule niliyenunua kwake nilimpigia. Anasema yeye pia aliuziwa hivyohivyo. Labda ni kweli. Laki tano nimeirudisha nilikokopa.

Picha ya rizista nitaweka kesho, kamera ya simu imejaa ukungu.

Kipara wa Moshi

Wakuu, samahani kufufua uzi. Mimi ni kinyume: Subaru Forester ya turbo, mshale unapanda mchana, hasa kwenye kilima, usiku umetulia kabisa. Na mimi nikasugue eathi?

Fundi Waya

Taa ukiwasha mchana unabadilika?

Kipara wa Moshi

Hapana. Ila ule mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe, na asubuhi naongeza maji nusu lita.

Fundi Waya

Weka msasa chini. Usilitembeze tena, wala usifungue mfuniko likiwa moto.

Dk. Gasketi

Karibu sana kaka. Vuta kiti.